Mwezi wa Pwani na Mwezi wa Baraka: Juu ya Kufundisha Mashairi Shule ya Msingi

Hapa kwetu Fizi na Baraka somo la shairi bado watu wanaliita resitasiyo, na kwa kweli mara nyingi linabaki resitasiyo tu. Mtoto anasimama mbele ya wenzake, mikono nyuma, anasema maneno mpaka mwisho, anapewa pointi, anakaa. Ukimwuliza lile shairi linasema nini, anakuangalia tu. Sisi hatusemi kukariri ni kubaya. Wazee wetu walitunza kila kitu kichwani. Lakini mzee aliyetunza methali alijua pia siku ya kuitoa.

Tuchukue hekaya ya nyenze na sisimizi, ile ya La Fontaine, iliyotoka Ufaransa mwaka 1668 na mpaka leo inasomwa huku kwa Kifaransa. Hekaya nzima inasimama juu ya majira ya baridi, wakati ambapo asiyeweka akiba anakufa. Mtoto wa kando ya ziwa Tanganyika hiyo baridi haijui. Yeye anachosikia ni kwamba jirani alikuja kuomba chakula, akanyimwa, tena akachekwa. Ukimwuliza dhamira atakujibu: uchoyo. Mwalimu anaandika kosa, kwa sababu kitabu kinasema dhamira ni uvivu. Sasa nani amekosa? Rousseau mwenyewe, katika Émile ya 1762, alilalamika kwamba watoto hawazielewi hekaya hizo vile watu wazima wanavyofikiri. Basi mtoto wetu hayuko peke yake.

Kuna mfano wa karibu zaidi, nao ndio unaotusumbua. Katika mashairi mengi ya Kiswahili mwezi ni uzuri: uso wa mpenzi, furaha, mwanga wa njia. Mwalimu anafundisha hivyo, na si uongo. Lakini huku kwetu ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Taa zinawavuta wale samaki juu, wavu unawakusanya. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Siku hizo sokoni ndagala ni haba na bei inapanda. Kwa mtoto wa mvuvi mwezi mpevu una habari nyingine kabisa. Tulitunga beti hili la kufundishia, kwa maneno anayoyajua:

Mwezi umeshaenea, mitumbwi imeshalala,
Sokoni nimetembea, sikuziona ndagala,
Mama moto achochea, chungu hakina cha kula,
Giza tunalingojea, taa zirudi mahala.

Si shairi kubwa, lakini linatosha darasa la tano. Uliza kwanza: nyumbani kwa huyu mtoto kuna nini leo? Watasema njaa. Uliza: nani kasema njaa? Watatafuta, na hawataliona hilo neno popote. Hapo ndipo somo linaanza. Njaa imesemwa na chungu, imesemwa na moto unaochochewa bure. Hiyo ndiyo taswira, na mtoto ameishika kabla hajasikia jina lake. Halafu uliza: mtumbwi unalala kama mtu? Watacheka, watasema "hapana, mwalimu, ni kusema tu!" Sawasawa, ni kusema tu, na huko kusema kunaitwa tashihisi. Mwishowe rudi kwenye giza. Kwa kawaida giza ni kitu cha kuogopwa, lakini huyu analingojea kama mgeni mwema. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, hata asipokumbuka neno "dhamira", amesoma shairi.

Kosa tunaloliona katika madarasa mengi ni kwamba yote haya yanageuzwa chini juu. Ubao unajazwa kwanza: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kila moja na maana yake. Watoto wananakili, wanakariri, na sitiari inakuwa kama jina la mto ambao hawajawahi kuuona. Na bado ni watoto hao hao ambao jioni wanategana vitendawili! Kitendawili ni nini kama si sitiari iliyofichwa mguu mmoja?

Mizani na vina navyo vina mahali pake. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na ushairi wa Kiswahili una deni kwake. Mistari yetu minne hapo juu imefuata njia hiyo, nane kwa nane, hesabuni. Watoto wanapenda kuhesabu kwa makofi, waachieni. Ila baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofungwa na vina, mwalimu hawezi tena kusema kwamba pasipo kina hapana shairi.

Na sisi hapa tuna sababu nyingine ya kutosema hivyo, nayo ni Kibembe. Katika Kibembe sauti kupanda na kushuka ni sehemu ya lugha yenyewe, na nyimbo zake hazikutungwa kwa kipimo cha pwani. Ukizipima kwa nane kwa nane utaziona zimevunjika, kumbe kilichovunjika ni kipimo. Tena tuko na ujuzi wa jirani: katika bwami ya ndugu zetu Balega, kitu kidogo cha pembe au cha mti kilionyeshwa pamoja na methali yake ikiimbwa, jicho na sikio vikifundishwa pamoja. Ilikuwa shule ya watu wazima, si ya watoto, na utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku mwaka 1948. Lakini namna yenyewe, kushika kitu kwanza na neno lifuate, inafaa hata darasa la tatu. Leta chungu kitupu darasani kabla ya kusoma beti.

Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali katika shule ya msingi, kwa hiyo mwalimu hana wa kumwogopa. Aanze na wimbo mmoja wa kutwanga, ambao mtoto ameuleta kutoka kwa bibi yake. Uandikwe ubaoni kwa Kibembe, halafu watoto wabishane ukisemwa kwa Kiswahili utakuwaje. Watakwama kwenye maneno fulani. Hayo waliyokwama, mwalimu ayapigie mstari, na somo la kesho lianzie hapo.