Sebule ya Jazi Harlem

Mwaka 1992, siku ya Jumapili, Marjorie Eliot, mpiga piano na mwigizaji wa New York, alifiwa na mwanawe Philip. Hakujifungia na majonzi yake. Aliifungua sebule yake ya Harlem, ikawa jukwaa la jazi kila Jumapili alasiri, bila kiingilio.

Viti vya kukunja hujaa sebuleni, vikafika jikoni na koridoni. Jirani na mgeni wa mbali huketi bega kwa bega, na saksofoni ikilia, unasikia hata pumzi ya mpigaji. Jengo lenye sebule hiyo ndimo pia walimoishi mwimbaji Paul Robeson na mwanajazi Count Basie.

Hongera sana, Mama Eliot. Kilio chako umekigeuza faraja ya wengi.