Saa Husomwa Mgongoni

Fundi aliipokea saa yangu, akaitazama usoni mara moja tu, kisha akaigeuza. Roho iliniuma kidogo, maana uso ndio uliofanya niinunue: rangi ya chungwa iliyoiva kama embe, mishale inameta, jina la Seiko juu na tarakimu 5 chini yake. Aliyeniuzia alisema ni ya 1969 na haijaguswa na fundi yeyote. Nilimhesabia pesa harakaharaka, nikichelea asije akaghairi.

"Nani kakuuzia hii, mwanangu?"

Nikamweleza. Hakutia neno. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaniita nisogee.

Meza yake iko karibu na Marikiti, Mombasa, nayo haizidi upana wa mkeka wa kuswalia. Juu yake kuna vibano vyembamba, kichupa cha mafuta, na bilauri iliyofunikwa juu ya vigurudumu ili visiingiwe na vumbi.

Mgongoni mwa Seiko nyingi za zamani kuna maandishi ambayo mnunuzi hana budi kuyajua. Kuna tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine: za mwanzo ni za mashine, za mwisho ni za umbo. Ipo pia namba ndefu ya tarakimu sita. Ya kwanza hutaja tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili mwezi. Novemba ni N na Desemba ni D. Yangu ilianza na 4. Mwaka unaoishia na 4 hauwezi kuwa 1969. Akaigeuza tena, akanionyesha ukingo wa uso, chini kabisa penye 6. Hapo kampuni huchapa namba ndogo kuliko punje ya mtama, nayo huanza na ileile namba ya mashine. Kwenye yangu palikuwa patupu. Kandokando ya kidirisha cha tarehe rangi ilikuwa imevimba, kama ukuta uliopigwa chokaa juu ya chokaa. Uso ulikuwa umepakwa upya. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na naona Mswahili ndiye angepaswa kulijua mapema. Mshale mfupi ukielekea 7 asubuhi, sisi twasema saa moja. Ukielekea 8, saa mbili. Tunasoma namba iliyo upande wa pili wa mshale, na watoto wetu hulizoea hilo bila kuona ajabu. Macho yaliyofundwa hivyo yasingeshindwa kuuliza kuna nini nyuma ya uso unaong'aa.

Saa ya aina hii haina betri. Kamani hujazwa na kisahani cha nusu duara kinachozunguka kadiri mkono unavyotikisika, na katika mashine nyingi za Seiko za wakati ule gurudumu la mizani hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Tone la mafuta likizidi au likikauka, mapigo hubadilika, na fundi huyo huyatambua kwa sikio. Nimemwona akiinamisha kichwa, amefumba macho, saa ipo shavuni. Ufundi huu ulipata pigo Desemba 25, 1969, pale Seiko hiyohiyo ilipoanza kuuza Tokyo saa ya Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi. Saa za betri zikaenea, na wanagenzi wakapungua. Meza nyingi za mafundi saa leo zinaishi kwa kubadilisha betri na kukata mikanda. Kwa hiyo saa kuukuu zinapita mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuona matumbo yake. Asiyejua anachouza na anayejua akaficha, kwa mnunuzi ni mamoja.

Mimi sasa humsikiliza muuzaji kuliko ninavyoitazama saa. Mikwaruzo hainitishi, naogopa zaidi chuma kilichosuguliwa mpaka kona zake zikayeyuka. Fundi alikuwa na Seiko nyingine drooni, ya kijivu, imechubuka. Sijauliza kitu, akaanza mwenyewe: kioo si chake cha asili, mkanda ni wa juzi, hutangulia dakika nzima kila siku mbili, na nisithubutu kuogelea nayo. Kisha akaifungua.

Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na mikwaruzo midogomidogo ya makusudi: herufi mbili na mwaka 1991, na pembeni alama nyingine iliyofifia. Ni saini za mafundi waliopata kuisafisha, kazi iliyofungiwa mahali ambapo mwenye saa hafiki. Nilipomlipa, alichukua sindano, akakwaruza tarehe ya siku ile chini ya zile mbili, akapuliza vumbi, akafunga.