Jet Li Anaposema Kiganda: Bingwa, VJ na Watazamaji wa Jinja na Mbale

Jet Li alikuwa bingwa kabla hajawa nyota wa filamu, na mfuatano huo una maana kubwa kuliko tunavyoupa. Alizaliwa Beijing mwaka 1963, akaanza kufundishwa wushu akiwa na miaka 8, na mwaka 1974 alikuwa katika timu ya China iliyokwenda Marekani kuonyesha mchezo huo mbele ya Rais Nixon. Katika miaka ya 1970 alitwaa ubingwa wa taifa lake mara 5. Sasa, mashindano hayo hayakuwa ya kuangushana. Mchezaji anaingia juu ya zulia, anafuata mfuatano wa mapigo, mateke, miruko na misimamo, pengine ana upanga au mkuki mkononi, na majaji wanampa alama kwa usahihi na uzuri wa mwendo wake. Mara nyingi adui hayupo kabisa. Mchezaji ndiye anayembuni, na jaji lazima amwone. Kijana aliyezoea kazi hiyo tangu utotoni, ukimwekea kamera mbele yake humfundishi jambo geni.

Ndiyo maana The Shaolin Temple, filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1982, bado inatazamika. Hadithi yenyewe ni nyepesi: baba wa kijana Jueyuan ameuawa, kijana anakimbilia hekalu la watawa, anajifunza, anarudi kulipiza kisasi. Hata waliocheza naye, kama Yu Hai na Yu Chenghui, walikuwa watu wa wushu. Kwa sababu hiyo mwongozaji hakuwa na la kuficha. Kamera inasimama mbali kidogo na kutulia, mwili mzima unaonekana kuanzia kisigino hadi ncha ya mkuki, na mara nyingi pigo linaanza na kuisha mbele ya macho yetu bila kukatwa vipande. Kuna sehemu ambapo Jueyuan anafanya mazoezi majira yanapobadilika, na humo hasemi neno. Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu yenyewe. Mengine yote ni sababu ya kutufikisha pale.

Lakini Jet Li tunayemfahamu Jinja na Mbale si huyo mnyamavu. Anasema Kiganda. Katika vibanda vya video vya Walukuba na Bugembe, kama vile vya Namakwekwe na mitaa iliyo chini ya mlima Wanale, filamu hufika ikiwa na sauti ya VJ juu yake, na VJ huyo kwa kawaida amerekodi Kampala. Msomaji wa fasihi simulizi hahitaji kuelezwa sana kuhusu mtu huyu. Si mkalimani, maana mkalimani hufungwa na maneno ya msemaji. VJ hubadilisha majina ya wahusika, humpa jambazi wa Hong Kong nyumba Mukono, hutabiri kifo cha mtu kabla hakijatokea, huomboleza, hucheka, na katikati ya kilio hutangaza duka lake. Ni fanani anayetumia picha za mtu mwingine badala ya mwili wake mwenyewe. Madarasani tumezoea kumsifu, na sifa hizo anastahili. Mimi nina lalamiko moja tu, nalo linahusu mabingwa.

Nianze na pale ambapo hana mpinzani. Once Upon a Time in China, ya mwaka 1991, ni filamu ngumu kwa mtazamaji wa kwetu. Jet Li anacheza tabibu Wong Fei-hung katika mji wa Foshan, karne ya 19, wakati mataifa ya kigeni yanaingia na bunduki na mikataba yao. Humo kuna Wamarekani wanaoshirikiana na genge la mji kuwapeleka watu ng'ambo, wanaume kwa ahadi za utajiri na wanawake kwa nguvu. Katika nakala niliyoiona Jinja, VJ hakujishughulisha na historia ya China hata kidogo. Alisema tu kwamba hawa ni mawakala wa kupeleka wasichana Uarabuni. Kibanda kizima kilitulia. Kila mtu mle ndani alikuwa na dada, shangazi au jirani aliyewahi kuitwa na wakala, na kuanzia hapo Wong Fei-hung alikuwa akimtetea mtu tunayemjua. Hakuna maandishi ya chini ya picha ambayo yangefanya kazi hiyo. Hata mapambano ya juu ya ngazi katika filamu hiyo hayakuharibiwa na kelele za VJ, kwa sababu yamejengwa kwa nyaya za kuwainua wachezaji na kwa mkasi wa mhariri. Mwili wa bingwa umegawanywa vipande vifupi mno. Hapo VJ aseme atakavyo.

Katika nakala hiyohiyo Kiswahili kilisikika mara mbili, zote mbili midomoni mwa askari: mara ya kwanza kumwamuru mtu akae chini, mara ya pili kumtisha. Tabibu anasema Kiganda, wachuuzi wanasema Kiganda, na bunduki inasema Kiswahili. Nchi ambayo katiba yake iliifanya lugha hii kuwa rasmi ya pili tangu mwaka 2005 ingali inaisikia hivyo, na watu wa Jinja, wanaoishi jirani na kambi ya Gaddafi, hawakuona cha ajabu. Wakenya wamempata DJ Afro, ambaye kwa Kiswahili chake chenye Sheng amewafanya wapiganaji wa filamu wapende, wadanganye na wajute. Watanzania walikuwa na Lufufu. Sisi tunaosomea lugha hii Uganda tuna ualimu na matumaini ya ajira. Lakini hilo ni jambo la makala nyingine.

Nirudi kwenye lalamiko langu. Nakala ya The Shaolin Temple niliyoitazama Mbale ilifika kwenye yale mazoezi ya majira, na VJ hakunyamaza hata kwa muda wa pumzi moja. Aliona wahusika hawasemi, akadhani sehemu hiyo ni tupu, akaijaza. Alieleza kuwa kijana anafanya mazoezi (jambo ambalo hata mtoto alikuwa akiliona), akamlinganisha na mwanamuziki fulani, kisha akaingia kwenye bei ya ndizi. Tatizo si utani. Tatizo ni kwamba alikuwa akizungumza juu ya usemi wa mtu mwingine. Bingwa wa wushu husema kwa kupokezana kwa mwendo na utulivu: mruko, kisha msimamo usiotikisika. Ule msimamo ndio nukta ya sentensi. VJ asiyeiona nukta hiyo anakuwa kama msomaji wa shairi anayesahau kituo, akaunganisha ubeti na ubeti hadi vina vinapotea.

Watazamaji wa miji hii miwili hawalipokei jambo hili kwa namna moja. Jinja, mtu anayesema Kisoga hapati taabu na Kiganda, kwa hiyo utani wa VJ unamfikia wote na kicheko kinaifuata sauti. Mbale kuna Wagisu, Wateso, Wagwere, Wasabini na wengineo, na Kiganda cha haraka cha Kampala huwaacha baadhi yao nyuma, hasa waliotoka vijijini kuja sokoni. Hao wanautazama mwili. Niliwasikia wazee wawili wakiendesha ufafanuzi wao wenyewe kwa Kigisu, kwa sauti ya chini, wakati VJ akipiga kelele juu yao. Walikuwa wakijadili miguu ya Jet Li.

Wala sishangai. Mbale ni mji unaojua kuhukumu mwili uliosimama. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu inapofunguliwa Mutoto, umati unamzunguka kijana anayetahiriwa na kumwangalia uso, kope, magoti. Kabla ya hapo kulikuwa na ngoma na nyimbo, kelele za siku nzima. Kisu kinapokaribia, kinachotazamwa ni kutotikisika. Hakuna mtu anayedhani dakika ile ni tupu kwa sababu kijana hasemi. Sitaki kusema kwamba imbalu na wushu ni kitu kimoja. Moja ni mchezo, nyingine ni kuvuka kutoka utotoni. Nasema tu kwamba hadhira yenye mazoea hayo ilikuwa tayari kumpokea bingwa wa Beijing kwa vigezo vyake mwenyewe, na aliyeizuia ni yule aliyedai kuisaidia.

Kama kuna anayedhani VJ hawezi kunyamaza bila kupoteza wateja, atazame The Way of the Dragon ya mwaka 1972. Mwishoni Bruce Lee anakutana na Chuck Norris ndani ya Colosseum, Roma. Norris ndiye bingwa wa kweli kati ya wawili hao. Alikuwa ametwaa mataji ya karate Marekani katika miaka ya 1960, ilhali Lee hakujenga jina lake kwa mataji ya karate. (Mwenye mataji ndiye anayelala chini. Sinema ina haki zake.) Kabla ya pambano wanajinyoosha viungo, kila mmoja upande wake, kwa muda mrefu kuliko mwongozaji yeyote wa leo angekubali, na paka mdogo anawatazama. Karibu hakuna neno. Nimeiona filamu hiyo kwa sauti za ma-VJ wawili tofauti. Wa kwanza alipiga porojo mpaka mwisho. Wa pili alisema sentensi moja walipoanza kujinyoosha, akataja kwamba hawa watu wanaheshimiana, kisha akaacha. Mifupa ikasikika. Lee alipomfunika marehemu kwa vazi lake na mkanda wake, yule VJ bado alikuwa kimya, na kibandani hakuna aliyepiga mluzi wa kudai sauti.

Mpaka hapa nimezungumzia mabingwa wa nje, na mtu anaweza kusema kuwa wao hawana cha kupoteza kwetu. Jet Li ana filamu zake salama, kwa lugha zake, popote duniani. VJ akimfunika Mbale, nakala isiyofunikwa ipo. Kwa mpiganaji wa Uganda hali ni nyingine. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo inadaiwa kugharimu chini ya dola 200. Ndugu yake Kapteni Alex, mtawa wa Shaolin wa Uganda, anachezwa na Bruce U, mwalimu wa kung fu wa palepale Wakaliga ambaye amewafundisha watoto wa mtaa huo. Jina lake la kisanii halihitaji maelezo. Katika hadithi anakuja kumtafuta muuaji wa kaka yake, anapambana na wanafunzi wa hekalu, anafanya mazoezi peke yake porini, na mwishowe muuaji hajulikani, jambo ambalo mimi sioni kuwa ni kasoro.

Mamilioni ya watu wameitazama filamu hiyo kwenye intaneti tangu mwaka 2015, na wengi waliipenda kwa kicheko. Wanachokicheka zaidi ni VJ Emmie, anayesimulia kwa Kiingereza, akiitangaza filamu ndani ya filamu, akiisifu Uganda, akiwataka watazamaji wajiandae kwa mapigano yajayo. Ni kazi ya kipaji. Wepesi wake wa kufaragua sijauona kwa VJ mwingine anayetumia lugha hiyo. Lakini nakala isiyo na sauti yake imepotea. Nafasi ya kuhifadhia kwenye kompyuta ilikuwa ndogo, umeme ulikatika mara kwa mara, na kilichobaki ni ile yenye VJ pekee. Kwa maneno mengine, hatuwezi tena kumwona Bruce U akiwa peke yake porini. Kuna mtu amesimama kati yetu naye, anatuchekesha, na hawezi kuondolewa.

Ma-VJ walizaliwa kusaidia watu wasioijua lugha ya filamu. Hapa mchezaji ni Mganda na lugha ya filamu ni Kiganda. Sauti iliyoongezwa haikuwa ya kutufikisha sisi kwa Bruce U, bali ya kumfikisha Bruce U kwa wageni, na imemfikisha akiwa kichekesho. Wageni hao wanaamini kwamba wanaifurahia Uganda. Huenda ni kweli. Lakini sijasoma hata maoni kumi yanayojadili miguu yake, kama wale wazee wawili wa Mbale walivyojadili miguu ya Jet Li.

Nilijaribu kuitazama kwa kuzima sauti. Ni njia mbovu, kwa sababu unapoteza muziki, milio ya ngumi na maneno ya wahusika pamoja na VJ. Picha ni chafu na helikopta za kompyuta zinaonekana za kitoto zaidi zikiwa bubu. Hata hivyo, mapigano ya hekaluni yalibadilika. Wanaompiga na wanaopigwa ni watu waliofundishwa, hawasubiri zamu zao kwa uvivu, na Bruce U akishatoa teke hubaki kidogo palepale, mguu juu, kabla ya kuushusha. Kwa kasi ya usimulizi sikuwahi kuuona utulivu huo. Niliirudia sehemu hiyo mara nne.