Kukua na Kuwa: Wakati wa Mbiti na Matarajio ya Mtoto

Tangu John Mbiti alipochapisha African Religions and Philosophy mwaka 1969, wanafalsafa wamemjibu mara nyingi. Sisi wa taaluma ya lugha tumekuwa wazito, ingawa hoja yake imejengwa juu ya ushahidi wa lugha, na istilahi zake kuu mbili, sasa na zamani, amezitwaa katika Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa jambo moja: matarajio ya mtoto juu ya maisha yake ya baadaye.

Mbiti, mzaliwa wa Kitui (1931), alichunguza njeo za Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba njeo za wakati ujao hazivuki miaka miwili. Akahitimisha kuwa katika fikira za jadi wakati ujao wa mbali haupo. Yaliyo mbele ni yale tu yaliyo karibu kutukia, au yafuatayo mwendo wa maumbile.

Twaweza kumpinga kwa mfano wa mkulima wa Mbumbuni, huko Makueni, apandaye mwembe akijua kwamba ataungoja miaka kadhaa. Pingamizi hili halitoshi, kwani kuzaa kwa mwembe ni mwendo wa maumbile. Lakini mtoto wa Mbumbuni asemaye, "Nitakuwa daktari," hategemei maumbile. Udaktari hauna msimu. Hapa ndipo nadharia inapokutana na mtihani wake wa kweli.

Mosi, njeo si kipimo cha fikira. Katika Kiswahili kiambishi -ta- hubeba "nitakuja jioni" na "nitakapozeeka" sawasawa, wala hatusemi kwamba Mswahili hatofautishi jioni na uzee. Umbali hubebwa pia na vielezi, vishazi na methali. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: methali hizi zatazama mbali kuliko miaka miwili.

Pili, hatuna budi kukiri kwamba katika methali hizo atazamaye mbele ni mlezi, si mtoto. Kitenzi chake ni kua. Jando, ndoa, uzazi na uzee zilikuwa hatua zilizojulikana kabla mtoto hajazaliwa, na Mbiti amezieleza vizuri. Shule ilikuja na kitenzi cha pili: "Ukikua, utakuwa nani?" Mbiti alishikilia kwamba mafundisho ya Kikristo na elimu ya Kimagharibi ndiyo yaliyomfunulia Mwafrika wakati ujao wa mbali. Sisi twaona kwamba wakati huo ulikuwapo mikononi mwa wazee, na swali la mwalimu lilimkabidhi mtoto.

Mzigo huo si mwepesi. Aliyeulizwa atakua vipi hakuweza kukosea; aliyeulizwa atakuwa nani aweza kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Mwandishi wa makala haya alijibu swali hilo darasani Mbumbuni akasema rubani. Alipofika sekondari akasema mhandisi. Leo anafundisha sarufi. Wengi wa wenzake wamerudi kwenye matuta ya mashamba ya baba zao. Wakiulizwa hawasemi, "Nilishindwa." Husema, "Wakati ule nilitaka kuwa fulani," kisha hutaja watoto wao. Kwa istilahi ya Mbiti, sasa ni pana, hukusanya yote ambayo mtu ameyaishi na angali anayakumbuka. Basi azma ya utotoni haijafa; imo katika sasa ya mtu mzima, na kwayo hujipima, kisha huwa mlezi wa methali.

Mbiti alitoa Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 83, tafsiri yake ya Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba ilitolewa. Alifariki mwaka 2019. Miaka 60 katika utumishi wa lugha moja yaonyesha upeo ambao njeo zake hazikuukadiria. Kazi iliyobaki ni yetu: kukusanya, kabla wasemaji hawajatoweka, dua na maagizo ambayo wazee wa Ukambani waliwatamkia watoto, na kuona yalifika umbali gani.