Damu Salama kwa Nani? Uchambuzi wa Istilahi za Kuongezewa Damu

Istilahi za tiba zina jambo moja linalozitenga na istilahi za fani nyingi: msikilizaji wake wa mwisho si mtaalamu. Istilahi ya mitambo ikieleweka kwa fundi, imetimiza kazi yake. Istilahi ya tiba husemwa na mganga, ikasikiwa na mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, naye hutakiwa aamue jambo papo hapo. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno machache yanayotumika katika kutoa na kuongezewa damu, na tutayapima kwa sikio la mwananchi wa Ndalambo, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Huko Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili baada ya Kinyamwanga. Mpaka wa Tunduma uko jirani, na ng'ambo yake, upande wa Nakonde, wako Wanyamwanga wengine ambao hospitali zao haziandiki kwa Kiswahili. Kituo cha damu cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya. Neno linalotoka Mbeya likafika Ndalambo na maana yake kamili, hilo ndilo tunaloweza kuliita sanifu.

Tuanze na "damu salama". Neno hili lilienea nchini kwa nguvu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004. Jina hilo lilikuwa na sababu nzuri. Ilikuwa lazima wananchi wahakikishiwe kwamba damu wanayopewa imechunguzwa VVU, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Basi "salama" ikapata maana maalumu: isiyo na vijidudu vya maradhi. Hatuna ugomvi na maana hiyo. Tatizo ni kwamba mwananchi hana sababu ya kujua kuwa neno limebanwa hivyo. Kwake kitu kilicho salama ni kitu kisichodhuru. Lakini damu isiyo na kijidudu hata kimoja, ikitoka kwa mtu wa kundi B na kutiwa kwa mtu wa kundi A, yaweza kumuua. Kingamwili zilizomo katika damu ya mpokeaji huzishambulia chembe nyekundu za mgeni na kuzipasua, figo huweza kushindwa kazi, na hata kiasi kidogo hutosha kuleta madhara. Damu hiyo ilikuwa salama katika chupa, haikuwa salama katika mshipa wa mgonjwa yule.

Kwa maoni yetu, basi, usalama wa damu unahitaji maneno mawili. "Damu salama" ibaki kwa damu iliyochunguzwa maradhi. Kando yake liwekwe neno la uhusiano wa damu mbili, nalo tunalo tayari katika kitenzi "kupatana". Damu ya mtoaji inapatana na ya mpokeaji, au haipatani. Wako waliopendekeza "upatanifu", na nomino hiyo inafaa vitabuni; penye kitanda cha mgonjwa kitenzi kinatosha.

Hapa twakutana na kikwazo kikubwa zaidi, ambacho hakikuletwa na wataalamu bali kimo katika lugha yenyewe. Waswahili husema ndugu wa tumbo moja ni "damu moja", na usemi huo una wenzake katika lugha nyingi za Kibantu. Undugu wa kuchanjiana nao ulijengwa juu ya fikra iyo hiyo, kwamba damu zikichanganyika watu huwa kitu kimoja. Mgonjwa anapohitaji damu, ukoo hukusanyika, na kila mmoja huamini kwamba damu yake, kwa kuwa ni ya ukoo, haina budi kufaa. Elimu ya urithi yasema vingine. Baba wa kundi A na mama wa kundi B, ikiwa kila mmoja wao amebeba pia urithi wa O, waweza kuzaa watoto wa makundi yote manne: A, B, AB na O. Mtoto wao wa kundi O hawezi kuongezewa damu ya baba wala ya mama, ilhali mpita njia wa kundi O, asiye hata wa kabila lao, huenda akafaa. Mzazi aliyeambiwa kwamba damu yake "imekataliwa" na mwanawe aweza kuanza kumshuku mwenziwe bure. Tunalisema hili kwa sababu "imekataliwa" ni neno linalosikika, nalo ni neno baya: lina harufu ya kukana uzazi. Isemwe tu kwamba makundi ya damu zao hayapatani.

Neno "kundi" lenyewe latosha. Karl Landsteiner alipoyatangaza makundi yake huko Vienna mwaka 1901 aliyaita A, B na C; la nne, AB, liligunduliwa na wenzake mwaka 1902. Herufi C baadaye iliachwa, ikashika O, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa imetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya "bila", yaani damu isiyo na A wala B. Kwa hiyo isisomwe "sifuri", kama tunavyosikia mara nyingine.

Kuhusu Rh, hali ni mbaya zaidi. Alama ya + na ya − husomwa "chanya" na "hasi", kama katika hisabati. Katika hisabati maneno hayo hayamdhuru mtu. Lakini tangu UKIMWI uingie, mtu akiambiwa kuwa majibu ya damu yake ni "pozitivu" au "chanya", haulizi zaidi. Moyo wake umekwisha kuanguka. Nalo "hasi" kwa mfugaji ni kitenzi cha zizini: kuhasi ni kumwondolea dume uwezo wa kuzaa. Sasa fikiria kwamba anayeambiwa mara nyingi zaidi kuwa damu yake ni hasi ni mama mjamzito kliniki! Ataelewa nini, na mumewe ataelewa nini? Ukweli ni kwamba mama huyo anazaa. Kinachotakiwa ni kuangaliwa, na iwapo mtoto ana Rh, achomwe sindano ya anti-D katika saa 72 baada ya kujifungua, ili mimba zijazo zisidhurike. Watoto wa shule, nao, husoma alama ya − kuwa "kutoa", na "O kutoa" hugeuka kuwa amri ya kuchangia damu. Sisi tungependa isemwe "yenye Rh" na "isiyo na Rh". Ndiyo maana halisi ya alama zile, na mtu wa Ndalambo hahitaji kamusi. Wasio na Rh katika Afrika Mashariki ni wachache, pungufu ya 10 katika kila watu 100, ndiyo sababu uchache wao usifunikwe na neno la kutatanisha.

"Mtoaji kwa wote", anavyoitwa mtu wa kundi O, lisitumike bila masharti. Ni kweli kwa chembe nyekundu tu, tena za mtu asiye na Rh. Maji ya damu yake, yaani plazima, yana kingamwili dhidi ya A na B, na kwa upande huo mtoaji kwa wote ni mtu wa AB.

"Kuongezewa damu" tunaliunga mkono, ingawa liko karibu mno na "kuongeza damu", ambako ni kazi ya vidonge vya madini ya chuma na mboga za majani. Mnyambuliko wa kitenzi umeokoa jahazi: anayeongezewa ameongezewa na mwingine.

Lililobaki ni "kupima damu", kauli inayobeba mzigo wa kazi nne: kujua wingi wa damu, kutafuta maradhi, kujua kundi, na kuchanganya kidogo damu ya mtoaji na ya mpokeaji kuona kama zinapatana. Ndugu aliyeambiwa "damu imekwisha pimwa" hajui ni ipi kati ya hizo. Twapendekeza kupima kubaki kwa wingi, kuchunguza kwa maradhi, kutambua kwa kundi, na kulinganisha kwa ile ya nne. Basi karatasi iambatanayo na chupa (jina lililobaki hata baada ya mifuko ya plastiki kushika nafasi ya vioo) yaweza kusomeka hivi: "Damu hii imechunguzwa maradhi. Kundi lake limetambuliwa kuwa O, yenye Rh. Bado haijalinganishwa na ya mgonjwa."