1986: Mabingwa Wawili, Mstari Mmoja

Leo nataka kuhakiki maandishi ambayo watu hawayahesabu kuwa maandishi: orodha ya mabingwa wa ligi ya Tanzania. Mnaijua. Iko kwenye simu za watu, inachapishwa kila msimu unapokwisha, na watangazaji huisoma hewani kama wanasoma sala. Mwaka upande wa kushoto, klabu upande wa kulia. 1965, Sunderland. 1966, Sunderland tena. 1967, Cosmopolitans. Halafu Yanga, miaka mitano mfululizo mpaka 1972, na kuendelea hivyo hadi leo.

Hebu isome polepole kama unavyosoma shairi. Bingwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote wana majina ya Kiingereza. Hao Sunderland wa Dar es Salaam ndio Simba, walibadili jina 1971. Jina lile lilikuwa la klabu ya mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, bingwa wa kule mwaka 1892, 1893 na 1895, na bingwa tena mwaka 1936, mwaka uleule ambao Simba wanauhesabu kuwa wa kuzaliwa kwao. Kwa hiyo orodha yetu, ambayo tunadhani inasimulia mambo ya hapa tu, inaanza na neno lililosafiri. Mimi napenda vitu vya namna hiyo. Orodha inaweza kusema mengi kumbe, ukiisubiri.

Ila inaweza pia kunyamaza. Ugomvi wangu nayo uko kwenye mistari miwili, 1985 na 1986.

Orodha iliyozoeleka inaandika hivi: 1985 Yanga, 1986 Tukuyu Stars. Sasa nenda Songea, au shuka Mbinga mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, uliza watu wa umri wa kutosha. Utaambiwa 1985 Majimaji, 1986 Majimaji. Na wote wanasema kweli. Katika miaka hiyo mpira wetu ulikuwa na ghorofa mbili. Chini kulikuwa na Ligi Daraja la Kwanza ya Bara, na Zanzibar walikuwa na ligi yao. Juu kulikuwa na Ligi ya Muungano, ambapo timu bora za pande zote mbili zilikutana, na aliyeshinda huko ndiye aliyekuwa bingwa wa Muungano. Tukuyu Stars walichukua ya Bara 1986. Majimaji wa Songea walichukua ya Muungano, mara mbili mfululizo, na wakarudia 1998.

Yaani mwaka 1986 mataji yote mawili yalilala kusini, moja Rungwe, jingine Ruvuma. Hakuna hata moja lililobaki Kariakoo. Orodha ya safu moja haina mahali pa kuliweka jambo hilo, kwa hiyo inachagua jina moja na kufuta jingine. Kuna matoleo mengine yanayochanganya, mwaka huu wa Bara, mwaka ule wa Muungano, bila kumwambia msomaji kwamba kipimo kimebadilika njiani. Haya kwa kweli ni mabaya zaidi, maana msomaji anaondoka akidhani ameelewa.

Nilikuwa nyumbani Matiri wakati wa kuchuma kahawa, tumekaa nje ya duka tunasubiri usafiri wa kwenda Mbinga, mabishano ya mpira yakaanza kama kawaida. Baba yangu mdogo akataja Majimaji ya themanini na sita. Kijana mmoja akatoa simu, akatafuta, akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, hapa Majimaji hawapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye orodha ya mabingwa."

Baba mdogo akafikiri kidogo. "Basi hiyo orodha haikuwa na redio," akasema.

Watu walicheka, lakini mimi nimeibeba kauli ile kwa miezi sasa, kwa sababu ni uhakiki uliokamilika. Mwaka 1986 Bara haikuwa na televisheni, ilikuja miaka ya 1990. Gazeti lilifika Matiri likiwa limeshachoka. Msimu ule uliingia vijijini kwetu kwa sauti, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya betri iliyozungukwa na watu. Sauti za akina Ahmed Jongo zilichora uwanja mtu asiouona: mpira uko wapi, nani anaufuata, kipa amesimamaje. Wanaojifunza fasihi simulizi chuoni huletewa hadithi za sungura na fisi, na ni sawa, lakini hakuna aliyenipa kazi ya kuchambua dakika tisini za utangazaji wa mpira kwa Kiswahili, na sijui fasihi simulizi gani nyingine iliyowahi kuwa na wasikilizaji wengi hivyo kwa wakati mmoja. Aliyeisikia ana msimu mzima kichwani. Aliyezaliwa baadaye, kama mimi, ana mstari.

Tulinganishe na msimu wa kwanza kabisa wa ligi ya Uingereza, 1888/89. Kwenye orodha yao nao ni mstari mmoja tu: Preston North End. Timu zilikuwa 12, zote kutoka kaskazini na katikati mwa nchi, miji ya viwanda vya pamba, chuma na vyungu. London haikuwa na hata moja. (Hapo tofauti na sisi ni kubwa: ligi yao ilizaliwa mikoani, mji mkuu ukaja kujiunga baadaye. Yetu ilianzia mjini.) Preston walicheza mechi 22, wakashinda 18, wakatoka sare 4, hawakufungwa hata moja. Magoli 74, waliyofungwa 15. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ligi ilianza Septemba, na hadi Novemba ndipo wakakubaliana rasmi kwamba ushindi ni pointi mbili na sare moja. Walicheza miezi miwili bila kujua wanahesabuje! Wale wanaodharau ligi zetu za zamani kwa vurugu za kanuni wakumbuke hilo.

Lakini nyuma ya mstari wa Preston kuna rundo la karatasi. Zaidi ya karne moja baadaye watafiti walirudi kwenye magazeti ya siku ile, Septemba 8, 1888, wakapekua saa ambayo kila mechi ilianza, wakaonyesha kwamba goli la kwanza la ligi halikuwa lile la kujifunga la Gershom Cox wa Aston Villa, kama ilivyoaminika, bali la Kenny Davenport wa Bolton, saa 9 na dakika 47 alasiri. Bolton wenyewe siku hiyo walifungwa 6-3 na Derby. Fikiria anasa ya watu wanaoweza kugombania dakika za goli la timu iliyofungwa.

Na wana wahusika. Aliyeijenga Preston ile ni William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba, ambaye mwaka 1884 alikiri hadharani kuwa analipa wachezaji wakati kulipa kulikuwa marufuku. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa. Mwaka 1895 alifungwa jela kwa kuiba fedha za kiwanda, nyingine zilikuwa zimeishia kwenye timu. Alipotoka akahamia Afrika Kusini, akawa mwandishi wa habari. Ukiijua habari hiyo, "haikufungwa hata mechi moja" inasomeka vingine kabisa. Kuna mtu alilipia.

Turudi kusini kwetu. Msimu wa 1986 unaposimuliwa, ukisimuliwa, una aina moja tu ya usimulizi: muujiza. Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja, wakachukua ubingwa papo hapo, msimu uliofuata wakashuka. Ni kweli na ni hadithi tamu. Ila angalia muujiza unafanya kazi gani katika hadithi. Muujiza ni kitu kisicho na sababu. Ukisema Tukuyu ni muujiza, huna haja ya kuuliza nani aliwafundisha, walisafiri kwa gari gani, walilala wapi, walikula nini. Simba na Yanga wakishinda tunataja usajili, fedha, kamati. Wa mkoani akishinda tunataja bahati, au ndumba. Ndiyo maana Majimaji wanaisumbua hadithi hii kuliko Tukuyu: walirudia. Muujiza haurudiwi mwaka unaofuata, na haurudiwi tena baada ya miaka kumi na miwili.

Mimi ningeanza na barabara. Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya themanini, kwa msaada wa Uingereza. Kabla yake, timu ya Songea iliyokwenda kucheza ugenini ilikuwa imeshacheza mechi moja na tope kabla ya kufika. Siwezi kusema lami ilifunga magoli. Lakini wanahistoria wa mpira wa Uingereza hawaoni aibu kusema reli ndiyo iliyowezesha ligi ya 1888, kwa sababu timu na mashabiki waliweza kwenda na kurudi Jumamosi moja. Kwa nini sisi tuone aibu kuandika barabara? Sisi wa Mbinga tuliendelea kula vumbi kutoka Songea kwa miongo mingine, kwa hiyo tunajua vizuri lami ina maana gani.

Halafu jina. Majimaji ni jina la vita ya 1905 hadi 1907, vita ambayo kwa hesabu ya orodha tulishindwa. Pale Songea, Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, na kila mwaka tarehe hiyo watu bado wanakusanyika kwenye makumbusho. Klabu ikachukua jina hilo, na mashabiki wakajiita Wana Lizombe, kwa ngoma ya Kingoni. Weka jina hili kando ya Sunderland, usome orodha tena kutoka juu. Kutoka jina la kuazima hadi jina la makaburi ya nyumbani ni miaka ishirini tu. Hapo ndipo orodha ingekuwa na kitu cha kusema, na hapo ndipo wengi wanapoikata.

Ukirudisha safu ya Muungano, sura ya mpira wa nchi hii inabadilika. Songea 1985 na 1986. Malindi ya Zanzibar 1989. Pamba ya Mwanza 1990. Songea tena 1998. Safu hiyo ilififia baada ya Zanzibar kupata uanachama wake CAF mwaka 2004, na ligi ilipokufa, mabingwa wake wakageuka watu wasio na anwani. Majimaji wenyewe walishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Kijana wa Matiri anayeshabikia timu ya Dar hana wa kulaumiwa, hajaonyeshwa kingine.

Ninachotaka ni kidogo. Kwanza, safu mbili badala ya moja, Bara na Muungano, kila anayechapisha orodha. Haina gharama. Pili ni kazi yenye jasho. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yalitoka mwaka 1986, na mechi ziliandikwa. Kuna wachezaji walio hai. Celestine "Sikinde" Mbunga ni jina ambalo mzee yeyote wa Songea atakuanzia nalo, na baada ya hapo atataja wengine kumi bila kupumua, nani alicheza namba ngapi, nani alitoka kijiji gani. Nimeanza na baba mdogo. Ana majina saba kwenye daftari langu na wawili kati yao anawabishania na jirani yake, eti nani alianza na nani aliingia kipindi cha pili. Nimeandika majibu yote mawili. Mwenye mzee wake Mbinga, Nyasa, Namtumbo au Tunduru amuulize sasa hivi, na mwenye muda Dar es Salaam aingie maktaba na tarehe za mechi mkononi.