Jinsi ya Kuitambua Riwaya ya Uhamaji Iliyoiva

Riwaya nyingi za uhamaji siku hizi huchanganya uhalisia na maajabu. Usibabaishwe na maajabu yenyewe. Jiulize kama yanakusogeza karibu na mhamaji au yanakupa nafasi ya kumkwepa.

Anza na vitu. Katika By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzee Saleh Omar anatua Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, huku akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anampekua, anakuta kijisanduku cha udi, anakichukua. Hapana muujiza hapo, lakini udi ule umebeba biashara nzima ya kaskazi na kusi, pamoja na mgogoro wa nyumba ulioharibu maisha ya mzee huyo. Mwandishi anayekuorodheshea mateso matupu bado hajafika hapo.

Pili, dai gharama. Katika Exit West (2017) ya Mohsin Hamid, Saeed na Nadia wanaingia mlango katika mji wenye vita na kutokea Mykonos; milango mingine inawafikisha London na Marin, California. Ni haki kuuliza waliozama baharini wamekwenda wapi. Hata hivyo, wakala wa milango hiyo hulipwa kwanza, baba yake Saeed anagoma kuondoka, na mapenzi ya vijana hao yanachakaa kidogo kidogo ugenini. Safari imefupishwa, hasara zimebaki. Muujiza usiomgharimu mtu kitu ni pambo tu.

Tatu, kisasili kitoke kwa wenyewe, na riwaya isimame hata kwa asiyekijua. Yuri Herrera wa Mexico, katika Señales que precederán al fin del mundo (2009), amepanga sura tisa kwa kufuata ngazi tisa za Mictlán, kuzimu ya Waazteki. Makina anavuka mto wa mpakani juu ya tyubu ya tairi, akimtafuta kaka yake. Asiyeijua Mictlán anasoma safari ya hatari. Anayeijua anaona, hatua kwa hatua, mtu akifa katika maisha yake ya zamani.

Nne, na hapa ndipo mabingwa hujulikana: angalia riwaya inapoachana na kisa cha kale. Yusuf wa Paradise (1994), ya Gurnah pia, anawekwa rehani kwa deni la baba yake. Mke wa tajiri anayemshikilia anamtamani, shati linachanika mgongoni. Msomaji anayekijua kisa cha Nabii Yusuf anangojea heshima na madaraka. Badala yake, kijana anakimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Pengo kati ya ahadi ya kisa na ukatili wa ukoloni ndilo linalouma.

Riwaya hiyo ipo kwa Kiswahili: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Anza nayo, kisha zipime nyingine kwayo.